Nguva wa Chupa Tatu

"Dokta, mimi kukudanganya siwezi. Hata nikijaribu, uso wenyewe utakimbia kuniripoti!"

Pezi alijigamba hivyo mlangoni pa maabara, nywele zikichuruzika maji, chupa tatu kifuani. Kazi yake ilikuwa kuzamia na kuteka maji ya bahari. Kazi ya Dokta, mpenzi wake, ilikuwa kusoma vinasaba vilivyomo, maana kila kiumbe akipita majini huacha ngozi, kamasi na uchafu wake. Dokta alimtaka mmoja tu: nguva, mnyama mpole mla majani. Akikosekana, kituo chao cha utafiti kifungwe, na Dokta ahamishiwe ng'ambo.

"Ukienda, mimi nibaki kumchumbia pweza?"

"Ana mikono minane. Utakumbatiwa mpaka uombe msaada."

Wakacheka. Siku chache baadaye simu ya Pezi ikalia ujumbe:

"MPENZI! NGUVA YUPO! Chupa zote tatu! Nalia peke yangu kama mjinga."

Akajibu: "Si nilikwambia bahari inatupenda?" Kisha akaigeuza simu kifudifudi, kana kwamba ina macho.

Mara ya pili alipigiwa.

"Njoo maabara."

"Kuna nini, mpenzi?"

"Njoo tu."

Alimkuta ameketi, macho mekundu.

"Nimerudia kusoma vile vinasaba kwa undani. Chupa tatu, sehemu tatu, nguva ni yule yule."

"Si alikuwa anatembea?"

"Asubuhi moja, Pezi? Kutoka mkondo wa juu mpaka miamba ya mwisho? Hata boti yako hufika kwa taabu."

"Labda mapacha."

Dokta hakucheka.

"Nimewatangazia wakubwa. Wamenipigia makofi. Kesho nasimama mbele yao niseme hakuna nguva, na nikifungua mdomo siku nyingine nani ataniamini? Niapie hukuyachezea maji yangu."

"Haki ya Mungu, Dokta! Kuna mtu aliyeniona?"

"Yupo."

Akavuta droo, akaweka mezani kipande cha ngozi kikavu kama kisigino cha kiatu. Ngozi ya nguva aliyekufa kabla hata wao hawajazaliwa, iliyotunzwa ili walio hai walinganishwe naye. Kona moja ilikuwa imekatwa, jeraha bado jeupe.

"Huyu ndiye aliyekuona. Ulimloweka kwenye chupa zangu ukadhani maiti hasemi."

Pezi akatafuta mzaha kila mfuko wa kichwa chake. Hakuna. Ule uso wake ukaanza kutetemeka, kidevu kwanza.

"Nilitaka ubaki."

"Nilikuwa nimeshabaki, Pezi. Kabla hujazamia, nilimpigia mama, nikamwambia siendi. Nguva awepo, asiwepo, nipo na wewe."

"Na sasa, je?"

Dokta akainuka, akafungua chupa ya kwanza, akaimimina kwenye sinki taratibu. Kisha ya pili. Ya tatu akampa amimine mwenyewe. "Kesho unasimama nami, uwaambie wewe."