Dalali Aliyekunywa Chai ya Mzee Harold

Maureen Entwistle ni mshonaji wa mapazia. Anaishi na baba yake, mzee Harold, katika nyumba ndogo ya matofali mjini Hebbleshaw, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba za mtaa huo zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jirani akikohoa, unamsikia.

Zamani Maureen aliishi mji mwingine. Mzee Harold alipoanza kusahau, Maureen alifunga mizigo akarudi kwao. Mzee ana miaka themanini na minne. Siku nyingine anakumbuka kila kitu. Siku nyingine anamwita Maureen kwa jina la marehemu mkewe. Ujanani alipuliza tarumbeta katika bendi ya mji. Mpaka leo huling'arisha tarumbeta lake kila Jumapili.

Kazi ya Maureen iko sebuleni, kwenye cherehani iliyo karibu na dirisha. Pazia moja likiisha, anaanza lingine. Huku anashona, huku anamsikiliza baba yake akisimulia habari za bendi.

Jumanne moja alikwenda kumpelekea mteja mapazia. Ni mwendo wa dakika kumi tu.

"Baba, usitoke," alimwambia. "Narudi sasa hivi."

"Niende wapi mimi?" alijibu mzee. "Mvua yote hii!"

Aliporudi, alikuta vikombe viwili vya chai mezani. Kimoja kilikuwa kitupu. Kando yake palikuwa na sahani yenye chembe za biskuti.

"Nani alikuja, Baba?"

"Bernard," mzee alisema kwa furaha. "Bernard wa bendi. Amenenepa siku hizi! Ameandika vyombo vyote vya bendi, nami nikamtilia saini."

Bernard alikufa miaka kumi na miwili iliyopita.

Chini ya sahani aliona karatasi. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akaisoma tena.

Karatasi ilitoka kwa kampuni ya madalali wa mahakama. Ilisema Maureen anadaiwa faini ya kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa. Pamoja na gharama za madalali, deni lilikuwa pauni mia nne ishirini na tano. Asipolipa kufikia Ijumaa, mali iliyoorodheshwa itachukuliwa. Orodha ilikuwa hii: televisheni, cherehani, meza, tarumbeta.

Chini kabisa palikuwa na saini ya baba yake. Mkono ulikuwa umetetemeka, na jina lilikuwa limepanda mlima.

"Alikaa hapa," Maureen alisema polepole. "Alikunywa chai ya mzee. Kisha akaandika tarumbeta lake."

Hakulia. Alikuwa na hasira mno.

Jirani wa ukuta wa kushoto ni Nasreen Akhtar. Siku mbili kwa wiki Nasreen hufanya kazi katika ofisi ya ushauri wa bure, kwenye maktaba ya mji. Jioni ile Maureen alimgongea mlango, karatasi mkononi.

"Karibu, dada Maureen. Mbona umebadilika hivyo?"

"Soma hii, Nasreen. Soma uniambie kama nchi hii bado ina sheria."

Nasreen aliisoma yote, mbele na nyuma. Alipofika kwenye saini, alivua miwani.

"Huyu ni mzee Harold?"

"Ni yeye. Alikuwa peke yake. Alidhani mtu huyo ni rafiki yake wa bendi."

"Na huyo dalali akamwacha adhani hivyo?"

"Akala na biskuti!"

Nasreen alivuta kiti. "Kaa. Twende hatua kwa hatua. Kwanza faini. Unaijua?"

"Sijawahi kuiona. Lakini tarehe hii naikumbuka. Baba alitapika garini tukitoka kliniki. Nilisimama kwenye kituo cha basi, dakika tatu, nikamfuta. Sikuona askari yeyote."

"Palikuwa na kamera. Faini za kamera hutumwa kwa posta. Kadi ya gari lako ina anwani gani?"

Maureen aliinamisha kichwa. "Ya zamani. Nilihama mbiombio. Sikuibadilisha."

"Basi hilo ni kosa lako, na ulirekebishe kesho. Barua zote zilikwenda kule. Faini ilikuwa pauni sabini. Ungelipa mapema, ingekuwa nusu yake. Barua hazikujibiwa, ikapanda. Ikaandikishwa mahakamani, ikapanda. Ikapewa madalali, nao wakatafuta unakoishi sasa, wakaongeza gharama zao."

"Na ndiyo maana wanaweza kuingia nyumbani kwangu?"

"Hapana!" Nasreen alipiga meza. "Hapo ndipo watu wanapotishwa bure. Sikiliza vizuri. Kwa faini ya maegesho, dalali haruhusiwi kuvunja mlango wako anapokuja. Haruhusiwi kukusukuma wala kuweka mguu mlangoni. Haruhusiwi kupita dirishani. Anaingia akifunguliwa, au akikuta mlango uko wazi. Usipomfungua, anabaki nje. Unaweza kuzungumza naye kupitia tundu la barua la mlangoni, au kutoka dirisha la juu."

"Baba alimfungulia."

"Ndiyo. Lakini sheria inasema hivi: akimkuta mtoto peke yake, au mtu dhaifu peke yake, kama mgonjwa wa kusahau, ageuke aondoke. Haruhusiwi kuandika hata kijiko. Na karatasi hii ni mapatano ya mdaiwa, kwamba mali ibaki kwake akilipa kwa wakati. Mdaiwa ni wewe. Wewe ulimtuma baba yako asaini?"

"Nilimwambia asitoke tu!"

"Tena hata mdaiwa mwenyewe hasainishwi kitu asichokielewa. Karatasi hii haina nguvu. Ila tuwahi kuipinga kwa maandishi. Mapatano ya kweli yakisainiwa kisha yakavunjwa, dalali anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Huyu atajifanya anayo mapatano ya kweli."

Maureen aliitazama tena orodha. "Na cherehani yangu? Ikienda, tunakula nini?"

"Cherehani ni kifaa cha kazi yako. Sheria inalinda vifaa vya kazi, mpaka thamani fulani. Yako haifiki huko. Meza ya chakula, vitanda, jiko, friji, hivyo navyo haviguswi. Tarumbeta ni la nani?"

"La Baba! Alipewa na bendi kabla sijazaliwa."

"Basi si lako, na deni si lake. Mali ya mtu mwingine haichukuliwi kwa deni lako."

"Kwa hiyo kwenye orodha nzima..."

"Imebaki televisheni," alisema Nasreen. "Nayo aliiandika baada ya kuingia bila haki."

Wanawake wawili walitazamana. Maureen akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Mwanaume mzima, kwa televisheni moja! Na gari?"

"Gari ndilo la kuangalia. Madalali hupenda magari kwa sababu yako nje. Lenu lina beji ya walemavu ya mzee. Hakikisha inaonekana kwenye kioo, maana gari lenye beji hiyo halichukuliwi. Asiye na beji alifungie kwenye gereji ya nyumbani, au aliweke mbali na nyumba."

Kesho yake walifanya kazi mezani kwa Maureen. Waliandika barua kwa kampuni ya madalali na nakala kwa halmashauri ya mji. Walieleza ugonjwa wa mzee, wakaambatisha barua ya daktari. Kisha walijaza fomu za kituo cha mahakama kinachoshughulikia faini kama hizi. Katika fomu moja Maureen alieleza kwa nini amechelewa. Katika nyingine alitamka kwamba barua ya faini haikumfikia.

"Andika kweli tupu," Nasreen alimwonya. "Hii ni sawa na kiapo. Ukidanganya, unashitakiwa."

"Niandike pia kwamba sikubadilisha anwani?"

"Hasa hilo."

Walizituma kwa barua pepe, kisha wakapiga simu kwenye kituo hicho cha mahakama kuuliza kama zimefika. Zilikuwa zimefika. Dalali alitakiwa kusimama mpaka mahakama ijibu.

Hakusimama. Ijumaa saa mbili asubuhi mlango uligongwa kwa ngumi.

Maureen alimwambia baba yake aendelee na uji wake. Alipanda juu akafungua dirisha. Chini alisimama mwanaume mwenye kizibao cheusi na kamera kifuani. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho: Craig Tunnicliffe.

"Maureen Entwistle? Fungua. Nimekuja kuchukua mali."

"Zungumza hapo hapo ulipo. Nakusikia."

"Mama, usinipotezee muda. Nina mapatano yaliyosainiwa. Nampigia fundi wa kufuli sasa hivi. Polisi pia nitawaita."

"Waite. Nami nina la kuwaambia."

Milango miwili ilifunguliwa upande wa pili wa mtaa. Watu walitoka na vikombe vyao.

"Nani alisaini mapatano hayo?" Maureen aliuliza kwa sauti.

"Mwenye nyumba. Mzee."

"Mzee huyo ndiye mdaiwa?"

"Alikuwa mtu mzima, alinikaribisha mwenyewe."

"Alikuita nani?"

Dalali aligeukia karatasi zake.

"Nakuuliza, kaka. Jina lako Craig, naliona hapo. Baba yangu alikuita nani?"

"Sikumbuki."

"Kamera yako inakumbuka. Tumeomba picha zake kwa barua. Alikuita Bernard. Bernard ni marehemu! Ulijua kuwa mzee hajui wewe ni nani, ukanywa chai yake, ukampa kalamu. Baba yako angefanyiwa hivyo, ungesemaje?"

"Aibu!" sauti ya mwanamke ilitoka ng'ambo ya barabara.

"Mimi nafanya kazi yangu tu," alisema Craig. Uso ulikuwa mwekundu.

"Kazi yako ina sheria zake. Fomu zangu ziko mahakamani tangu Jumatano. Piga simu ofisini kwenu kabla hujampigia fundi wa kufuli."

Craig alisogea kando akapiga simu. Alizungumza kidogo, akasikiliza sana. Alipomaliza hakutazama juu. Alilizunguka gari la Maureen, akaiona beji kwenye kioo, akaingia kwenye gari lake akaondoka.

Maureen alifunga dirisha. Kisha akashuka kumtazama baba yake.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Mahakama ilikubali maelezo yake. Amri ya zamani ilifutwa, na gharama zote za madalali zikafutwa pamoja nayo. Halmashauri ilituma faini upya, mara hii kwa anwani sahihi. Maureen aliilipa siku ile ile, nusu yake, pauni thelathini na tano.

Nasreen alishangaa. "Ungeweza kujitetea. Mzee alikuwa anaumwa."

"Nilisimama kituoni, Nasreen. Kosa langu nalilipa. Sikatai kulipa faini. Nakataa kulipia kutishwa."

Watu wengi wa mtaa ule walikuja kumuuliza. Maureen aliwaambia yale yale aliyofundishwa. Usifungue mlango, lakini usinyamaze pia, kwa maana deni halifi kwa kufichwa. Soma kila barua. Dalali wa faini ya maegesho hatakiwi kugonga kabla ya kutuma taarifa na kusubiri siku saba kamili. Hatakiwi kuja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Uliza ni deni gani, maana madeni mengine, kama faini za kesi za jinai, yana sheria kali zaidi. Nenda ofisi ya ushauri mapema, kabla ya kulipa kwa hofu.

Lilibaki jambo moja. Kampuni ya madalali ilimwandikia Maureen barua ya mistari mitatu. Ilisema mapatano yamefutwa, na inasikitika kwa usumbufu wowote.

"Usumbufu!" Maureen alisema. "Kama vile walimwaga maji sakafuni!"

Aliandika malalamiko ya pili. Alisema hataki pole hiyo. Aliyekosewa ana jina, na pole iandikwe kwa jina lake. Wasipofanya hivyo, atampeleka dalali wao mbele ya hakimu aliyempa leseni ya udalali.

Baada ya siku tisa ilikuja bahasha iliyoandikwa jina la Bwana Harold Entwistle. Mzee aliifungua kwa kisu cha siagi. Ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kampuni ilikiri kwamba mtu wao hakupaswa kuingia wala kumpa karatasi. Mtu huyo alikuwa amesimamishwa kazi.

Mzee alishusha barua.

"Mtu huyu aliingia humu ndani, Maureen?"

"Aliingia, Baba."

"Nikamfungulia mimi?"

"Ulimfungulia. Wewe ni mkarimu. Kosa ni lake, si lako."

Mzee aliitazama tena barua.

"Na alirudi tena?"

"Alirudi, Baba, lakini alibaki nje."

"Vizuri," alisema mzee Harold, akaikunja barua na kuitia mfukoni.