Kilomita za Hewani

SIKU KUMI KABLA

Mongkhon alichovya kidole kwenye bia, akachora barabara juu ya meza.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka dizeli na samaki wa kukaanga. Wanaume watatu, taa moja. Feni ilikuwa imekufa tangu sikukuu ya kumwagiana maji na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza.

"Duka la dhahabu ni hapa," alisema. "Bibi kizee na mkwewe. Mlinzi yupo, lakini yule analipwa kusinzia. Mimi na Khem tunaingia. Tui unabaki kwenye gari, injini inanguruma. Tukitoka, njia ni moja tu, ya mlimani kwenda Phayao. Tukiuvuka mlima kabla njagu hawajajipanga na vizuizi vyao, kwisha habari yao. Ng'ambo ile njia za mashambani hazihesabiki. Watatutafuta mpaka wazeeke."

"Usiku?" Khem aliuliza.

"Mchana kweupe, bwege wewe. Pikapu ina pleti nyekundu, ya muda. Gari jipya jua likizama haliruhusiwi barabarani. Unataka tubebe dhahabu yote ile halafu tudakwe kwa kosa la pleti?"

Khem akacheka. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kupiga.

Mongkhon akamgeukia dereva. "Oya, Tui. Mnyama wangu vipi?"

Tui alikuwa anafuta mikono na kitambaa cheusi kwa oili. Mwembamba, mpole, mtu wa maneno machache. "Injini imekamilika, kaka. Silinda nimezichonga, pistoni nene, turbo kubwa. Gari la polisi halitaona hata taa zako za nyuma. Ila bado changa. Pistoni zimebana. Lazima izoeshwe kwanza, kilomita elfu moja, kwa adabu. Ipande vilima, ishuke, ipate moto, ipoe. Halafu oili ya kwanza imwagwe na ule unga wa chuma. Ukiikimbiza kabla ya hapo, inanoki, inakwama palepale."

"Una siku kumi. Nataka niione hiyo elfu moja kwenye dashibodi kwa macho yangu. Pungufu hata moja, navunja vidole."

"Utaiona, kaka."

Mongkhon hakujua anaongea na nani. Watu wa kazi ile huitana kwa majina ya utani tu. Jina la ukoo la mwenzako unalisikia siku ya kumchoma maiti. Kwa hiyo hakujua kwamba Tui na Det walinyonya ziwa moja.

Det alikuwa dereva kabla ya Tui. Miaka miwili nyuma, baada ya kazi kama hii, Mongkhon alisimamisha gari kwenye hekalu la Bwana wa Mlima, mzimu unaolinda barabara ile ya Phayao, pale konani. Mongkhon angeweza kumpora mjane mchana na usiku akalala fofofo, lakini kupita pale bila kushukuru, thubutu! Akamwambia Det, "Nenda kaweke maua, tunakusubiri." Det akashuka na shada lake, akapiga magoti. Mongkhon akahamia kwenye usukani, akaondoka na mgao wa Det. Det alipoona polisi wanakuja akakimbilia korongoni, na korongo lile halina huruma. Mama yao alipewa majivu kwenye chungu.

Khem ndiye aliyemsimulia Tui habari hizo, amelewa, anacheka. Kisha akaacha kucheka. "Lile lilikuwa la kishenzi, mwanangu," alisema. "Jamaa alikuwa anamwombea hata yeye Mongkhon pale."

Tui alimsikiliza hadi mwisho, akamjazia glasi. Tangu usiku ule hakutaka dhahabu ya mtu. Alimtaka Mongkhon, basi. Na alijua watakaposimama hekaluni atashushwa yeye, kama alivyoshushwa kaka yake. Mongkhon atakaa kwenye usukani mwenyewe, atakanyaga mafuta akipanda mlima. Hapo ndipo Tui alipotaka afike.

SIKU NNE KABLA

Khem aliingia uani mchana na mfuko wa kuku wa kuchoma, akasimama.

Pikapu ilikuwa juu ya jeki. Magurudumu ya nyuma yalizunguka hewani, gia ya mwisho, injini inanong'ona. Tui alikaa kivulini juu ya ndoo, anafinyanga wali wa kunata kwa vidole na kuchovya kwenye pilipili. Kwenye dashibodi namba zilikuwa zinapanda zenyewe.

"Kuzoesha gari gani huko?" Khem aliuliza. "Halijagusa hata lami."

"Najaribu ekseli."

"Tui. Mimi baba yangu alikuwa na lori. Injini isiyobeba mzigo haijifunzi kitu."

Tui alifinyanga tonge jingine. Alitafuna. Spana kubwa ilikuwa karibu na mguu wake.

Khem alizitazama namba. Akamtazama Tui usoni, muda mrefu, kama vile anamtafuta mtu mwingine mle ndani. Kisha akaketi kwenye ndoo ya pili, akafungua mfuko.

"Paja au kidari?" akauliza.

"Paja."

"Det naye alipenda paja," Khem alisema. Walikula mpaka kuku akaisha, na habari ya gari haikurudiwa tena.

SIKU YENYEWE, SAA TATU ASUBUHI

Mongkhon alikuja amenyoa, amepaka mafuta, ameshika mashada mawili ya yasmini. Moja akalifunga kwenye kioo cha ndani, akaunganisha viganja na kumwinamia Mama Mlinzi wa gari. Darini, juu ya usukani, palikuwa na nukta nyeupe za baraka ambazo mtawa alizichora wiki iliyopita. Shada la pili akaliweka miguuni pamoja na fataki. La Bwana wa Mlima hilo.

Kisha akachungulia dashibodi. Elfu moja na kumi na mbili.

"Oili umemwaga?"

"Nimemwaga, kaka."

Hapo hakudanganya. Alimwaga oili safi, akarudishia oili safi.

SAA NNE KASORO ROBO

Kuta nyekundu. Minyororo ya dhahabu imening'inia safu kwa safu. Mlinzi kweli alikuwa anasinzia. Khem alimwamsha kwa kitako cha bunduki na kumlaza tena.

"Chini! Wote chini! Ukipumua kwa kelele nakumwaga!"

Mkwe alilala sakafuni mara moja. Bibi kizee hakulala. Alimkazia macho Mongkhon, akamwambia, "Mwanangu, wewe umekosa mama?" na huku mguu wake unatafuta kitufe cha king'ora.

King'ora kikalia. Mongkhon akapandwa na wazimu. Badala ya kufungua kabati kwa nyundo kama walivyopanga, akalipiga ngumi kwenye kioo, akachota kwa mkono wa kulia. Alipoutoa, minyororo ilikuwa imejaa na kiganja kilikuwa kimepasuka toka kidole gumba hadi kifundo. Damu ikamwagika juu ya dhahabu.

"Twende! Twende!"

Wakajitupa ndani ya pikapu. Tui akaachia klachi.

SAA NNE NA ROBO

Mji ukabaki nyuma. Mashamba ya mpunga, kisha misitu ya misaji. Tui aliendesha kwa mwendo wa wastani. Alitaka injini ifike hekaluni ikiwa hai.

"Unabembeleza nini? Kanyaga!" Mongkhon alikuwa amefunga kiganja kwa fulana, uso umempauka.

"Nguvu naziweka za mlimani, kaka."

King'ora cha polisi kilisikika kwa mbali nyuma yao, kikapotea, kikarudi. Barabara ikaanza kupanda. Hekalu likatokea konani, jekundu, limezungukwa na tembo wa udongo na moshi wa ubani.

"Simama," Mongkhon alisema.

"Njagu wanakuja, kaka!" Khem alipiga kelele.

"Bila kushukuru sivuki. Simama!"

Tui akasimama. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Sasa, Det, alisema moyoni.

Mongkhon akalichukua shada kwa mkono mzima. Akautazama usukani. Akakitazama kile kiganja kinachovuja damu. Hakiwezi kushika usukani wala gia. Akageuka nyuma.

"Khem. Nenda kaweke maua. Tunakusubiri."

Khem alilipokea shada taratibu. Aliyajua maneno yale, aliwahi kuyasikia akiwa amekaa kiti cha nyuma kama hicho. Akamtazama Tui kwenye kioo, midomo ikafunguka. Angeweza kusema habari ya jeki. Neno moja lingemwokoa Tui, na lingemwokoa Mongkhon pia.

Tui akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Haya," Khem alisema. "Endesha vizuri, mwanangu." Akashuka na fataki zake.

Mlango haujafungwa vizuri, mguu wa kuku, bastola ya Mongkhon, ukamgusa Tui ubavuni. "Ondoka," Mongkhon alinong'ona. "Kanyaga moto. Mnene yule angetuchelewesha. Mgao wake tunagawana mimi na wewe."

Tui aliwaza mambo mawili tu. Kwamba mtego alimtegea mwingine na sasa amekaa ndani yake. Na kwamba mama yake hutikisa kile chungu kila asubuhi anapokifuta vumbi. Hasira ikampanda, ikamaliza woga wote.

"Nikanyage, kaka?"

"Kanyaga mpaka mwisho!"

"Sawa."

Akakanyaga mpaka mwisho.

Turbo ikapiga mluzi. Pikapu ikaruka kama ng'ombe aliyechomwa sindano. Mia moja. Mia na ishirini, mlimani! Mongkhon akaanza kucheka, akapiga dashibodi kwa furaha. "Mnyama! Huyu ni mnyama!" Mia na arobaini. Mshale wa joto ukapanda ukapita mstari mwekundu. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa ndani.

"Nini hiyo harufu?"

"Pistoni. Zinavimba."

"Ulisema imezoeshwa!"

"Ilizoeshwa hewani, kaka. Juu ya jeki."

Mongkhon alifungua mdomo. Hapo injini ikanoki. Kishindo kimoja, magurudumu ya nyuma yakakwama. Dereva yeyote angekanyaga klachi, gari lingeteleza salama. Tui aliuweka mguu wake wa kushoto sakafuni, mbali na klachi, akauacha hapo. Pikapu ikazunguka mara mbili, ikabamiza ukuta wa mwamba kwa upande wa Mongkhon.

SAA NNE NA NUSU

Vumbi. Dizeli inadondoka. Dhahabu imetapakaa lami nzima.

Tui alitambaa akatokea dirishani. Mbavu zilimuuma, jicho moja halioni. Mongkhon alikuwa ndani, miguu imebanwa chini ya dashibodi, bastola imerukia nje, mbali.

"Nitoe," alisema. "Tui, mdogo wangu, nitoe hapa. Chukua yote. Yote!"

"Unamkumbuka Det?"

"Det gani?"

Miaka miwili Tui alikuwa amelitayarisha jibu, ila hakutegemea swali hilo.

"Uliyemtuma kuweka maua."

Mongkhon akapepesa macho. "Yule dereva? Alikuwa nani kwako?"

"Kaka yangu."

Huko chini zikalia fataki, mkanda mzima. Khem alikuwa ameziwasha. Zilipokwisha ikasikika honi, mara tatu, fupifupi. Polisi walikuwa wanapita hekaluni na wamepiga honi kumsalimu Bwana wa Mlima kama kila dereva anavyofanya, hata mwenye haraka. Na yule mtu mnene aliyepiga magoti kwenye ubani hawakumgeukia, maana king'ora kiliendelea kupanda bila kusita. Tui alicheka, mbavu zikamkata.

"Tui! Wanakuja! Nakuomba!"

Tui akaingiza mkono ndani, akalifungua shada la yasmini kutoka kwenye kioo. Akalilaza juu ya kile kiganja kilichopasuka.

"Shika maua, kaka. Tunawasubiri."

Msitu ulikuwa karibu. Angeweza kuingia akapotea. Badala yake aliketi kwenye lami, kati ya gari na korongo, ili Mongkhon asije akapata upenyo wa kutoroka, akaikazia macho kona mpaka taa za polisi zilipotokea.