Mtufaha Ulionyolewa

Haya, tegua hiki: kalala nje theluji yote, kavaa koti la manyoya, ndani kaficha nguo za kijani na shada la harusi. Nani huyo? Usikimbilie jibu. Kwanza twende kwa Stoimen.

Stoimen alikuwa kinyozi. Alipostaafu, akawa ananyoa mti. Ni mtufaha alioupanda binti yake Rumena, mwaka alioolewa ng'ambo. Miaka saba, hata tufaha moja!

Mkesha wa Krismasi, kama ilivyo desturi yetu ya kuutisha mti usiozaa, Stoimen aliuinulia mti shoka.

"Usipozaa, nakukata!"

Mkewe Tsona akautetea, nayo ni desturi. "Usiukate! Mwakani utazaa."

"Ulisema hivyo mwaka jana. Na mwaka juzi. Mti huu ni kiziwi. Leo sitishii, nakata."

Tsona akalikumbatia shina. "Nitamwambia nini Rumena?" Sasa alikuwa analia kweli.

Jirani yao Nevyana, aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche, akachungulia juu ya ua.

"Shemeji, teremsha shoka. Unaupogoaje huo mti?"

"Safi! Vijiti vifupi vyenye makunyanzi navinyoa vyote. Nabakiza matawi marefu, laini."

"Ala! Kinyozi wee, umenyoa mpaka masikio!"

Akaja, akavuta tawi moja la juu ambalo mkasi haukulifikia.

"Tazameni. Kwenye tawi refu, tumba ni jembamba, limelala ubavuni. Humo mna majani tu. Kwenye kijiti kifupi, tumba ni nene, lina manyoya."

Akalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na vijani vilivyokunjwa, na katikati vichwa vya maua, vidogo kama chembe za mtama. Tumba hilo nene ndiye huyo wa kitendawili changu.

"Vimo humu tangu kiangazi," Nevyana akasema. "Vinangoja joto."

Stoimen akaketi kwenye theluji. "Kumbe nakata maua ya mwanangu mwenyewe."

"Basi acha vifupi. Ondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana tu. Kisha vumilia. Mwaka wa kwanza tawi hurefuka. Wa pili hutoa vijiti vifupi ubavuni. Wa tatu, maua. Hayo marefu uliyobakiza yameshamaliza wa kwanza."

Stoimen alivumilia. Theluji ya pili ilipoyeyuka, mti ukavaa weupe mtupu. Ilipofika vuli Rumena alikuja, na kikapu hakikutosha.

Mkesha wa Krismasi, shoka alilishika Tsona. Akamwinulia mumewe.

"Ukigusa kijiti kifupi hata kimoja, nakukata!"

Rumena, mdomo umejaa tufaha, akamtetea baba yake. "Usimkate, mama! Mwakani atatia akili."