Uso wa Evangelina Siku ya Sendofu

Niambie, wewe unayenisikiliza: ukipakwa rangi ya mtu mwingine usoni, ukumbi mzima ukakupigia vigelegele, wamemshangilia nani hapo, wewe au huyo mwingine?

Evangelina wa Nangara alijiuliza hivyo siku ya sendofu yake, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya ndoa, na kwa hasira yake nusura ndoa ivunjike. Usimhukumu bado. Kwanza ujue walivyokutana.

Ilikuwa Jumamosi, duka la vipodozi karibu na stendi ya Babati, wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Evangelina ni fundi cherehani, mweusi, mashavu yanang'aa hata asipojipaka mafuta. Siku hiyo alivaa sketi ya kitenge cha kijani aliyoishona mwenyewe, na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kasahau kuivua. Pembeni yake kasimama kijana mmoja, shati jeupe limenyooshwa vizuri lakini mikono inanukia grisi. Huyo ndiye Jovin, muuza spea za pikipiki. Dada yake Fabiola, mwenye saluni, alimtuma faundesheni, naye ameduwaa mbele ya kabati la vioo.

"Samahani dada, hizi zote si rangi moja tu?"

"Wewe kwenye pikipiki boliti zote ni moja?"

"Umejuaje kazi yangu?"

"Pua ninayo."

Wanawake wakacheka. Jovin naye akacheka, akasema ni ya dada yake, na kwamba yeye na dada yake wamelingana rangi.

"Basi lete shavu."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Kama unaona aibu nunua poda ya mtoto uende zako."

Evangelina akamchora mistari kwenye taya, pale karibu na shingo, kila mmoja na rangi yake, kisha akamvuta mpaka mlangoni penye jua. Akamweleza bila haraka. Usijaribie mkononi, kwa sababu mkono unapigwa jua na uso una rangi yake. Usiamini taa ya dukani. Subiri ikauke, maana ikikauka hugeuka kidogo. Halafu tazama: ule mstari unaopotea, usiuone umeanzia wapi, hiyo ndiyo rangi yako. Unaobaki unaonekana siyo yako, hata ukiwa mzuri namna gani.

"Na ya kwako ipi?"

Akamwonyesha kichupa cha kahawia nzito, kimesukumwa nyuma kabisa. "Hiki. Hawaagizi vingi."

Jovin alipita stendi nzima na mistari yake shavuni, vijana wa bodaboda wakimzomea, wala hakuifuta. Jioni akapiga simu.

"Fundi wangu, unaniwaza?"

"Nawaza gauni la mtu hapa. Kata simu."

"Sikati."

"Basi ongea, lakini usinichekeshe, nitajichoma sindano."

Wakaendelea hivyo mpaka wazee wakakaa, mahari ikapelekwa, siku ya sendofu ikatangazwa.

Sasa huyu Fabiola. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea Jovin, akampikia, akamsomesha. Neno lake Jovin hakuwahi kulipinga hata siku moja. Akasema, "Wifi yangu namremba mimi," na kwa desturi yetu wifi akisema hivyo hakuna wa kukataa. Jovin akaenda mwenyewe dukani, akanunua kile kichupa cha kahawia nzito, akampa dada yake. Fabiola akakifungua, akakunja pua, akakirudisha dukani na kuchukua cheupe zaidi. Hakumwambia mtu.

Siku yenyewe, saluni, Evangelina amekaa kwenye kiti, sponji inampigapiga mashavuni. Akatazama kioo.

"Wifi, hii siyo yangu. Ona shingo."

"Shingo nitaipaka poda. Tulia."

"Ya kwangu ninayo kwenye mkoba."

"Tulia, usiniharibie kazi!"

Simu ikaita. Fabiola ana mikono michafu, akaiweka spika. Jovin alikuwa ukumbini anapanga viti, kelele tupu.

"Dada, mmefika wapi?"

"Mkeo huyu ananisumbua. Anataka ya kwake. Nimpake ipi?"

"Mpake niliyoleta mimi! Hiyo hiyo, dada, usibadilishe!"

Simu ikakatika. Evangelina akaacha kubisha. Moyoni akajiambia: kumbe ni Jovin. Kumbe ndiye aliyeitaka hii. Fabiola alijua ukweli, akaendelea na sponji yake.

Mlangoni pa ukumbi alisimama Marietha, mama yake Evangelina, anapokea wageni. Akampa binti yake mkono. "Karibu mwanangu. Bi harusi yuko nyuma?" Kisha akaitambua sauti ikimwamkia. Mkono ukabaki hewani.

Ndani wakapiga vigelegele. "Jamani kapendeza, kama siye yeye!" Uso mweupe kama umemwagiwa unga, masikio meusi, shingo nyeusi, gauni la dhahabu chini. Mpiga picha anamulika tu.

Unajua sendofu zetu: binti hupewa kipaza sauti aende katikati ya wageni kumtafuta mchumba wake, amtoe, amtambulishe kwa ndugu. Mshereheshaji akamkabidhi. "Haya bi harusi, kamtafute ubavu wako!"

Evangelina akasema, "Simtafuti."

Akaweka kipaza sauti juu ya keki, akatoka nje.

Jovin alimkuta nyuma ya ukumbi, penye bomba la kuoshea vyombo, anajisugua kwa kipande cha sabuni ya mche.

"Eva, unaniaibisha mbele ya ukoo wote!"

"Mimi nakuaibisha? Umenifanya niage kwetu na uso wa mtu mwingine! Mama yangu kaniita mgeni!"

"Mimi nimefanya nini?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu. Mpake niliyoleta mimi!"

"Nilileta ya kwako! Ya kahawia nzito!"

"Hii basi imetoka wapi?"

Fabiola alikuwa amefika, viatu virefu vinazama kwenye tope. "Niliibadilisha mimi. Na msinitolee macho. Zile picha zitakaa ukutani kwangu, sitaki atoke mweusi kama masizi ya sufuria. Nimewasaidia."

Ungedhani hasira ya Evangelina ingemgeukia Fabiola. Hapana. Alimtazama Jovin, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Nilipoingia ukumbini, uliniona?"

"Nilikuona."

"Ulijua siyo yangu?"

Jovin akainama. "Nilijua."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga makofi."

"Ukapiga makofi." Sauti ilikuwa chini, na hapo ndipo ilipotisha. "Dada yako sikumpenda yeye, Jovin. Niliyempenda ni wewe."

"Amenilea, Eva. Sijawahi kumjibu."

"Basi mrudie. Au ingia humo ndani useme unachotaka, watu wasikie. Hapa bombani usiniambie kitu."

Akaingia peke yake. Akakaa mahali pake, uso mtupu, kola ya gauni imelowa. Mama yake akamfuta kwa ncha ya kitenge.

Jovin akaja nyuma yake, akachukua kipaza sauti. Kilikuwa na krimu ya keki. Akakifuta kwa mkono wa shati.

"Jovin," Fabiola akasema kwa sauti ileile ya kumwita utotoni, "kaa chini."

Magoti yalianza kukunjika, kila mtu aliyaona. Yakasimama.

"Dada, sikai. Umenilea na ninakuheshimu, lakini sikai." Akageuka, akapita katikati ya meza, akaenda mpaka alipokaa Evangelina. "Ndugu zangu, mwanamke niliyempigia makofi simjui. Ninayemtaka ni huyu aliyelowa, mweusi hivi hivi, na sitaki mtu amguse rangi yake tena, awe nani. Eva, nakutaka wewe. Mpiga picha, futa zote ulizopiga. Anza upya."