Isale Ndani ya Hita

Doris wa Shirimatunda ndiye aliyenisimulia, na yalimkuta yeye mwenyewe, Julai ya mwaka tisini na sita, baada ya mumewe Thadeus kununua gari kuukuu kwa mjane mmoja wa Kibosho.

Mtoto wao alikuwa ametoka kuugua nimonia. Nesi alionya asipigwe na baridi tena, lakini hita ya gari ilipuliza baridi tupu. Wakalipeleka kwa Eliakim, fundi wa mtaa wa Soweto.

"Rejeta imejaa, na mpira unaopeleka maji kwenye hita unaunguza," Eliakim alimwambia Doris. "Sasa hiyo baridi inatoka wapi, shemeji?"

Akafungua skrubu za dashibodi, zote zimeshikana kwa kutu. Ndani ya njia ya hewa alitoa jani la isale, bichi kabisa, limefungwa fundo kama tunavyolifunga huku kwetu mlimani tukienda kuomba msamaha.

"Thadeus, nani amekukosea huko mlimani?" fundi alitania.

Thadeus hakucheka. Doris alimtazama kwa jicho la wasiwasi.

Isale haitupwi ovyo. Asubuhi iliyofuata walipanda Kibosho kulirudisha. Doris alishuka na mtoto, akamwamkia mjane, akampa lile jani. Mjane hakuuliza limetoka wapi.

"Bado ananiomba msamaha, huyo marehemu mume wangu?" alisema. "Mwambie nimekataa."

Akafunga mlango.

Doris aligeuka. Thadeus alikuwa amesimama mbali na gari, ufunguo mkononi, injini imezimwa, na feni ya hita ikivuma humo ndani. Doris alimkaza mtoto mgongoni, akashuka mlima kwa miguu.