Sauti ya Ziada Kwenye Alto

Kwaya ilinyamaza, sauti moja ikaendelea.

Haikuendelea sana. Ilikuwa kama ya mtu aliyechelewa kuona mkono wa mwalimu ukifunga, akaivuta noti yake kidogo kisha akaiachilia polepole. Mwalimu Ngina aliinua macho amtafute huyo mzembe kwenye safu ya alto, akakuta wasichana wote wamefunga midomo na wanatazamana.

Akauliza ni nani. Akajibu Wanja, kiongozi wa alto, msichana wa Kidato cha Tatu asiyependa mzaha.

"Madam, sisi tulikuwa tumenyamaza."

Ilikuwa mchana, jua la Thika limewaka juu ya mabati ya chumba cha muziki, na huko jikoni masufuria yalikuwa yakioshwa kwa kelele. Hakuna mtu huogopa saa kama hiyo. Ngina akawaambia waanze tena kutoka ukurasa wa pili. Lakini kabla hajainua mkono akanusa tangawizi mbichi, ile ya kutafunwa, akageuka kutazama mlango, kwa sababu alimjua mtu mmoja tu aliyetafuna tangawizi mbichi kabla ya kuimba, na mtu huyo alikuwa Ruiru akifundisha.

Huyo alikuwa Syombua, ambaye kanisani walimwita Mama Mbinya, mke wa Urbanus Maluki wa mtaa wa Landless. Walisoma chuo kimoja na Ngina. Syombua alipofika chuoni alijua solfa tu, ile do-re-mi ya kanisa la kwao, na Ngina ndiye aliyekaa naye jioni nyingi akimwonyesha noti za mistari. Leo kwaya ya shule ya Syombua ilikuwa imefika mashindano ya taifa mara mbili. Ya Ngina haikuwahi kuvuka kaunti. Na Jumapili wawili hao waliimba bega kwa bega, na kila palipotokea ubeti wa mtu mmoja, Mzee Githinji, kiongozi wa kwaya ya kanisa, alimpa Syombua bila hata kugeuza kichwa aone nani mwingine yupo.

Ngina, Mama Muriithi kwa wenzake wa kanisani, alikuwa mtu wa maombi. Alifunga, alitoa, aliwaombea wagonjwa kwa majina. Jina la Syombua likifika ulimini alilipitisha haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Wimbo wenyewe aliununua mtandaoni Jumamosi moja, nguo zikikauka kwenye veranda yake mtaani Ngoingwa. Alitaka wimbo ambao hakuna shule ya kaunti nzima imewahi kuusikia. Alipita maduka mengi ya nyimbo kwenye simu, yote yakimtaka alipie nakala kwa idadi ya waimbaji, mpaka akafika kwenye duka moja lisilo na picha ya mtu wala anwani. Liliuza wimbo mmoja tu, wa sauti za wanawake, unaoitwa "Nifungulie". Akasikiliza kipande cha kuonja. Akakirudia mara tatu. Alijua hapo hapo kwamba kwaya yenye wimbo huu haiwezi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sharti lilikuwa kuandika jina la mwimbaji, nalo lingechapwa chini ya kila ukurasa, ili wimbo umjue mwenyewe. Ndivyo walivyoandika. Ngina aliona ni maneno matamu ya biashara.

Alilipia nakala moja. Nyingine angetoa kopi, kama walimu wote wa kwaya wafanyavyo. Lakini kwenye jina kidole chake kilisimama. Wenye wimbo wakija siku moja kuuliza habari za kopi, watamwuliza mwenye jina. Akaandika: Syombua Maluki. Alijiambia hakuwa na sababu nyingine. Ila tusidanganyane, alikuwa akitabasamu.

Jumatatu alipeleka karatasi kwa Trizah, msichana wa duka la kopi. Trizah alikata ukanda wa karatasi nyeupe, akaubandika juu ya jina ili lisitokee kwenye kopi, akacheka akisema wenye wimbo hawawezi kutoka huko walipo waje kumtafuta mtu Thika.

Basi tangu siku hiyo ile sauti ikawa inakuja kila mazoezi. Mwanzo ilisikika mwishoni tu, wengine wakishanyamaza. Baadaye ikaingia katikati, ikazibeba sauti za wasichana wale, na wao, walioogopa mwanzo, wakaanza kuimba vizuri kuliko walivyowahi kuimba. Mwalimu mkuu alisimama dirishani akasahau alikokuwa akienda. Wanja peke yake aliomba ahamishwe soprano. Alisema pale anaposimama kuna mtu anampumulia sikioni. Ngina alimwambia aache hadithi za kutishana za bweni.

Jumapili Syombua alikuja kanisani na skafu shingoni. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, akasema ni vumbi la kiangazi. Jumapili iliyofuata alinong'ona tu. Ngina alimshika mkono, akampa pole ndefu, na ndani yake kitu kikapiga makofi.

Siku moja alimpigia Syombua simu, mazoezi yakiwa yamekwisha na wasichana wanakusanya karatasi zao. Simu ilishikwa na Urbanus, nyuma yake chai ikimiminwa. Alieleza kwamba mke wake hakwenda kazini leo, na asubuhi alikuwa na nafuu, walikuwa wakiongea hata wakicheka, mpaka baada ya chakula cha mchana.

"Ameishiwa na sauti katikati ya neno, Mama Muriithi. Kama mtu amempokonya."

Baada ya chakula cha mchana ndipo kwaya ilipoanza kuimba. Ngina alisimama na simu sikioni katika chumba kinachonuka tangawizi, na akaelewa yote. Angeweza kuichana ile karatasi wakati huo huo. Mungu alimpa nafasi, hakuna awezaye kusema hakumpa.

Kesho yake akaongeza muda wa mazoezi.

Jumapili hiyo Mzee Githinji alitazama safu ya alto, akamwona Syombua ameketi kwenye viti vya waumini na skafu yake, akakuna kichwa. Kisha akasema, basi Mama Muriithi atuongoze. Miaka yote ile Ngina alikuwa akisubiri maneno hayo.

Alisimama mbele, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kizuri mno, kipana na chenye joto, kanisa likatulia hata watoto wakaacha kusumbua, naye akafurahi kwa muda wa pumzi moja tu, kwa sababu ilipofika mahali pa kupumzika alifunga mdomo na sauti haikufunga, iliendelea kupanda kutoka mahali fulani chini ya ulimi wake, ikamjaza kinywa ladha kali ya tangawizi, akajaribu kumeza ikakataa kumezwa, akajaribu kukohoa ikakizunguka kikohozi na kupita, na huko kwenye viti Syombua alikuwa ameinua uso, machozi yakimtiririka, anasikiliza kama mama anayemsikia mtoto wake akiitwa kwa jina la familia nyingine.

Baada ya ibada watu walimzunguka Ngina kumpongeza. Mama mmoja alimkumbatia.

"Leo umeimba sawasawa na Mama Mbinya. Ningefumba macho, ningesema ni yeye."

Na wote wakakubali. Ndiye huyo huyo, wakasema, ni kama yeye kabisa. Ngina alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Hata alipoibeba sauti yote, sifa zilikwenda kwa mwenyewe.

Ndipo Syombua alipomfikia. Aliandika kwenye simu yake, akamwonyesha. Alikuwa amempongeza. Chini yake aliomba asindikizwe Mwihoko, kwa mama mmoja wa maombi, kwa sababu Urbanus alikuwa na zamu kazini na yeye mwenyewe hangeweza kujieleza.

Ngina angekataa vipi.

Mama huyo aliitwa Cucu Waruguru, yaani Bibi Waruguru, wa dhehebu la Wakorino wavaao vilemba vyeupe, na kanisa lake lilikuwa chumba cha mabati kati ya nyumba za kupanga, kamba za nguo za majirani zikipita juu ya mlango. Hakuwa na kitabu cha nyimbo wala karatasi yoyote. Alikuwa na ngoma. Ngina alieleza ugonjwa wa mwenzake kwa maneno machache, Cucu akamtazama yeye zaidi kuliko alivyomtazama mgonjwa, kisha akaanza kupiga na kuimba taratibu. Aliponyamaza, mtu mmoja aliendelea.

Syombua alikuwa amefunga mdomo. Ngina pia. Sauti ilitoka katikati yao wawili, mahali pasipo na mtu, ikiimba "Nifungulie" kwa upole, na harufu ya tangawizi ikaja.

Cucu aliweka mkono juu ya ngoma. "Huyu anayeimba ameitwa kwa jina la mtu," akanong'ona. "Nani alimwita?"

"Mimi niliandika jina vibaya," Ngina akasema. "Wakati wa kununua wimbo. Nilikosea."

Sauti ikapanda. Mabati yakaanza kutetemeka kwenye misumari, ndoo ya maji pembeni ikatetemeka pia, na Syombua akashika koo kwa mikono miwili akirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama, sema vizuri," akasema Cucu. "Anamla mwenzako hapa mbele yako."

Hapo Ngina akapiga magoti kwenye sakafu ya simiti, akasema, na akishaanza hakuweza tena kuacha, akaeleza jina na tabasamu, na ukanda wa karatasi nyeupe, na Jumapili zote alizosimama kando ya dada huyu akiomba kimoyomoyo akosee noti moja tu, na jinsi alivyojua, ndiyo, alijua tangu ile simu ya Urbanus, na bado akaongeza mazoezi.

"Sasa mwambie arudishe," akasema Cucu. "Lakini useme ukitaka. Chakula chake ni huo wivu. Ukisema kwa mdomo tu, atabaki."

Ngina akasema, na sauti ikaendelea. Akasema tena. Ndipo alipomtazama Syombua pale ukutani, akamkumbuka msichana wa chuo akifua nguo bombani na kuimba, na yeye Ngina, juu ghorofani, akifunga kitabu chake ili asikie vizuri. Wakati ule hakuutamani wimbo wa mtu. Alifurahi tu kwamba upo.

"Mrudishie," akasema. "Ni yake. Naitaka iwe yake."

Chumba kikanyamaza. Nje mtoto alikuwa akilia, redio ya jirani ikaongea. Syombua akakohoa, akameza, akajaribu.

"Mama Muriithi," akasema. "Si ungeniambia tu unataka kuimba."

Kesho yake Ngina alileta karatasi zote wakazichoma nyuma ya kanisa la Cucu, kopi za Trizah na ile ya kwanza yenye jina, Cucu akiimba mpaka majivu yakapoa. Shuleni kwaya ilirudia wimbo wa zamani, ikaishia kaunti kama kawaida, na Ngina akashukuru. Syombua alimsamehe. Hata alikwenda kwa Mzee Githinji akamwomba ubeti wa pili awe akimpa Ngina.

Jumapili ya kwanza walisimama pamoja tena, migongo ikikaribia ukuta. Syombua akaanza ubeti wake. Sauti ilikuwa imerudi yote, labda na zaidi, na Ngina akalia kwa furaha ya kweli, akimshukuru Mungu kwa jina la rafiki yake bila kuruka.

Kwenye kiti cha mbele bibi mmoja alimwinamia jirani. Ngina alisikia.

"Mwingine kama huyu hatuna."

Kitu kidogo kikamchoma, kidogo tu, kama ncha ya sindano. Akakimeza haraka. Kilikuwa na ladha ya tangawizi. Na nyuma ya shingo yake, pale palipokuwa na ukuta peke yake, mtu akavuta pumzi taratibu, kama mwimbaji anayeona zamu yake imefika.