Kalunguyeye Juu ya Ngazi

Katikati ya meza ya kazi palikuwa patupu. Pamba za kusafishia zilikuwa bado mbichi, chupa za dawa zimefungwa vizuri, hadubini haijaguswa. Kilichotoweka ni ngao peke yake: duara la mbao lenye upana wa mita moja, lililoning'inia katika kanisa hili la Igelsbach kwa karibu miaka mia nne.

"Mwizi gani anaacha hadubini anabeba ubao?" aliuliza Sajini Popp.

"Mwizi ambaye hakuja kuuza," alijibu Inspekta Irmtraud Zwanziger. "Usishike kitasa. Alama za vidole kwanza."

Mchungaji Löhlein alisimama mlangoni akisugua viganja. Hakuna kufuli lililovunjwa wala kioo kilichopasuliwa.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi. Na Bibi Oertel, anayeisafisha ngao."

"Na mlango ule mdogo?"

"Ule ni wa familia ya von Igelsbach. Wanapandia hapo hadi kwenye roshani yao ya kuketia ibadani. Ni hivyo tangu zamani."

"Basi ni funguo tatu."

"Inspekta! Bwana Lothar, mkuu wa familia hiyo, ana miaka themanini na moja."

"Sijauliza umri, Mchungaji."

Aliusukuma mlango mdogo kwa kalamu, ukafunguka, akachungulia nje. Kwenye changarawe kulikuwa na alama ya gurudumu moja, imezama kidogo, ikielekea juu kwenye nyumba kubwa ya mawe ya familia hiyo. Popp aliipiga picha bila kuambiwa.

Bibi Mechthild Oertel alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, macho mekundu. Familia ndiyo iliyomwajiri atafiti alama za ngao yao na kuziandikia kijitabu, ambacho kingesomwa kanisani Jumapili, siku ya sherehe ya ukoo.

"Nieleze ngao yenyewe," alisema Inspekta.

"Ngazi nyeupe kwenye rangi nyekundu. Juu ya ngazi kuna kitu cha duara chenye miiba, na juu yake ncha nne. Familia inasema ni kalunguyeye aliyepanda hadi juu akavikwa taji. Wameichonga langoni, kwenye vijiko, kwenye pete, kila mahali."

"Na wewe unasemaje?"

Bibi Oertel alitoa simu. "Jana jioni nilimaliza kuondoa masizi. Nikapiga picha hii."

Inspekta aliitazama. Maneno ya ukingoni yalisomeka vizuri. Mnyama ndiye aliyemtatiza. Aliigeuza simu juu chini, akakaza macho.

"Hili si taji," alisema. "Hii ni miguu."

"Kalunguyeye amelala chali?" Popp aliangua kicheko. "Miaka yote hii wanavaa mnyama aliyepinduka!"

"Popp."

"Samahani, Mkuu."

"Ngao nzima ilichorwa kichwa chini, kwa makusudi," alisema Bibi Oertel. "Huku kwetu, mwanamume wa mwisho wa ukoo akifa bila mrithi, ngao yake ilipinduliwa. Ndiyo namna ya kusema: hawa wamekwisha. Soma ukingo."

Inspekta alisoma. *Mwaka 1631 alilala katika Bwana Veit von Igelsbach, wa mwisho wa jina na ngao hii.*

"Walikwisha mwaka huo. Huyu Lothar katoka wapi?"

"Kwa mtu aliyekuja kuinunua ile nyumba baadaye sana. Alilichukua jina, akainakili ngao kama alivyoikuta ukutani. Angekuwa wa damu yao, angejua upande wa juu ni upi."

"Ulimwambia nani?"

"Bwana Lothar tu, jana kwa simu. Niliona ni haki yake asikie kabla ya Jumapili."

"Akajibu nini?"

"Alinishukuru. Halafu akauliza kama binti yake ameshasikia."

Inspekta aliandika hilo, akalipigia mstari. Mji mzima ulijua habari ya binti. Kunigunde alikuwa na bucha pale uwanjani pamoja na mumewe Horst Dürrbeck. Baba yake alimfukuza miaka ishirini na miwili iliyopita, siku alipotamka kwamba anaolewa na mchinja nguruwe. Inspekta alinunua soseji kwake kila Ijumaa na hakuwahi kumuuliza neno. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo.

Lothar von Igelsbach aliwapokea akiwa na tai shingoni. Toroli la bustani liliegemezwa ukutani, gurudumu limegandwa na changarawe.

"Ni msiba, Inspekta. Ni urithi wa wazee wangu."

"Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Jumapili iliyopita."

"Mlango wako mdogo?"

"Ninaufunga siku zote."

"Na pete yako?"

Mzee aliufunika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Alikuwa amechelewa. Kwenye kidole cha mwisho ngozi ilikuwa nyeupe kama ukanda wa karatasi.

"Inabana. Vidole vimevimba."

"Mzee, mtu akiibiwa urithi hushika kwa nguvu kile kilichobaki. Wewe umekivua. Na toroli lako lina changarawe ya kanisa. Tutafute nyumba nzima, au utatuonyesha?"

Saa ya ukutani ilipiga mara kumi. Alingoja imalize.

"Iko nyuma ya kabati la marehemu mke wangu."

Ngao ilikuwa imefunikwa shuka safi. Pembeni yake palikuwa na kiberiti, hakikutumika.

"Ulitaka kuichoma?"

"Nilishindwa. Nikaisoma tena na tena." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nimefungua sanduku la babu. Kuna cheti cha chama cha mafundi. Babu wa babu yangu alikuwa mtengeneza ngozi, Inspekta. Mtu aliyenuka kuliko mchinjaji yeyote."

"Kuna aibu gani? Ni kazi."

"Hujaelewa. Kuwa mtoto wa fundi si aibu yangu. Nilimfukuza mwanangu kwa ajili ya kalunguyeye aliyelala chali. Akilijua hilo, atajua alifukuzwa kwa sababu ya... alifukuzwa bure. Ndiyo maana niliibeba." Aliinua uso. "Unaweza kutoliandika?"

"Ninaandika yote."

"Basi mwambie wewe. Mwanamke kwa mwanamke."

"Mimi ni polisi, situmwi. Vaa koti, utamwambia mwenyewe."

Popp alisimamisha gari mbele ya bucha. Ndani kulikuwa na wateja watano. Kelele zilikatika kama redio iliyozimwa. Bwana Lothar hakuwahi kukanyaga pale.

Kunigunde hakuacha kukata mbavu. "Umepotea njia, Baba?"

"Nimeiba ngao ya kanisani."

"Yako mwenyewe?"

"Si yangu. Haijawahi kuwa yetu." Alisema kila kitu pale pale, mbele ya wateja: Veit wa mwisho, mtengeneza ngozi, taji ambalo ni miguu. Bibi mmoja alicheka puani, kisha akajifanya anakohoa.

Kisu kilisimama.

"Siku ya maziko ya mama," Kunigunde alisema taratibu, "ulimtuma mhudumu aniambie mke wa mchinjaji hapandi kwenye roshani ya Igelsbach."

"Nilimtuma."

"Nikasimama uani mwa kanisa na mvua yote ile. Nilikuwa na mimba ya mwanangu Apollonia. Nikajiambia, Baba hajui kama niko nje, angejua asingeniacha. Miaka yote nimejiambia hivyo."

Inspekta alimwona mzee akiutafuta uongo, na akamwona akiuacha.

"Roshani ina dirisha," alisema. "Nilikuona. Kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, nilikuona."

Hakuna aliyecheka. Inspekta Zwanziger alitazama vigae vya sakafu. Siku ile naye alikuwa kanisani, amekaa pakavu, na alipoingia alimpita Kunigunde pale nje.

"Bwana Lothar," alisema hatimaye, "twende kituoni. Kuna maelezo ya kuandikwa na kutia sahihi."

Mzee aligeuka. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Inspekta!" Kunigunde alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine. "Mtamaliza naye saa ngapi?"

"Saa kumi jioni hivi."

"Mleteni hapa. Mimi bado sijaanza naye."